Usiuze Land Rover ya mzee kwa kilo

Bei za karoti, kabichi na viazi wasomaji wengi wa ukurasa huu mnazijua kabla sisi hatujazichapa, kwa kuwa ninyi ndio mnaozipanga alfajiri kule Soni na Lukozi. Wiki hii naomba ruhusa tuzungumzie bidhaa nyingine inayoteremka kutoka milima ya Usambara kwenda Mombo bila kuandikwa katika ripoti yoyote ya soko. Bidhaa hiyo ni magari ya zamani, hasa Land Rover, yanayokatwa vipande na kuuzwa kwa kilo kama skrepa.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili asiyekubaliana nami aanze kunoa kalamu. Mwenye Land Rover ya zamani asiiuze kwa kilo kabla hajakagua vitu vitatu: kadi, namba na injini. Asiye nayo, naye asikimbilie kuinunua akidhani amepata hisa inayopanda siku zote. Kati ya hao wawili yuko mtu wa tatu, fundi, na kwa hesabu zangu faida ya uhakika iko kwake.

Kikao chini ya mparachichi

Desemba iliyopita niliitwa nyumbani wilayani Lushoto kwa kikao cha ukoo. Ajenda ilikuwa moja: Land Rover 109 ya marehemu babu, ambayo kwa miaka mingi imelala chini ya mparachichi, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Mnunuzi wa skrepa alikwisha kuja mara mbili. Mara ya pili alikuja na mizani.

Alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa na sababu. Bodi ya Land Rover za zamani si ya chuma bali ni ya aloi ya alumini. Gari hilo lilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya Vita Kuu ya Pili, na alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi. Kwa mnunuzi wa skrepa, alumini ina bei nzuri kuliko chuma. Huyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu ikatoka sufuria. Bila shaka wako wasomaji waliokwisha kula pilau iliyopikwa ndani ya mlango wa Land Rover bila kujua.

Baba mkubwa alinigeukia akasema, "Mwanangu, wewe ndiye uliyesomea biashara. Tukate au tusikate?"

Nilipaswa kujibu kama mtaalamu. Lakini kabla ya kujibu ilinibidi nikiri jambo mbele ya wazee, nami nalikiri hapa pia. Mwaka 2019, nikiwa chuoni na pungufu ya ada, niliomba ruhusa ya kuuza injini ya gari hilo, nikidai kwamba imekufa na haina kazi. Niliruhusiwa. Ilikwenda kwa kilo. Leo kadi ya gari inataja namba ya injini ambayo haipo tena duniani, na aliyeiondoa ni mimi, mwanafunzi wa biashara.

Sikujua wakati ule nilichokuwa nauza. Nilikuja kukijua baadaye, kwa kusoma habari za magari ya Marekani.

Somo kutoka Marekani

Katika miaka ya 1960 viwanda vya Marekani vilianza kuchukua gari la ukubwa wa wastani na kulifunga injini kubwa ya silinda nane. Wenyewe huyaita magari ya misuli. Pontiac GTO ya mwaka 1964 hutajwa mara nyingi kama mwanzo wa mtindo huo, na mwaka huohuo Ford ilitoa Mustang. Yalikuwa magari ya vijana, yenye kelele, mbio na bei ya kati. Haikupita miaka kumi soko likazimika. Kampuni za bima zilipandisha malipo, sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ikabana moshi wa injini, na mwaka 1973 mafuta yakapanda bei duniani kote. Magari hayo yakawa mzigo, yakauzwa kwa bei ya kutupa, mengine yakasagwa.

Yaliyosalia yakawa machache. Vijana walioyatamani bila kuwa na fedha wakawa wazee wenye fedha. Hapo ndipo bei ilipopaa. Plymouth Hemi 'Cuda ya mwaka 1971 yenye paa la kukunja, ambayo hazikufika 15 zilizotengenezwa, iliuzwa mnadani mwaka 2014 kwa dola milioni 3.5.

Mfano wenye manufaa zaidi kwetu ni Mustang ya mwaka 1968 iliyotumika katika filamu ya Bullitt, ikiendeshwa na Steve McQueen. Mwaka 1974 familia moja ya kawaida iliinunua kwa dola 6,000. Mama wa nyumba alikuwa akienda nayo kazini kufundisha. Mwaka 1977 McQueen mwenyewe aliandika barua akiomba kuinunua tena, hakuuziwa. Januari 2020, kwenye mnada wa Kissimmee, Florida, nyundo iligongwa kwenye dola milioni 3.4, kamisheni ikiwa kando.

Ndugu msomaji, zingatia hali ya gari lenyewe. Halikuwa limepigwa rangi mpya wala kung'arishwa. Lilitengenezwa liweze kutembea, lakini bodi iliachwa na makovu yake. Kilichouzwa pale ni uthibitisho: namba zilizolingana na rekodi, barua, karatasi za mauzo, na bodi ambayo haikuguswa. Mtu mwenye Mustang ya mwaka uleule, rangi ileile, inayong'aa kuliko hiyo, asingepata hata sehemu ndogo ya fedha hizo.

Wafanyabiashara wa magari hayo wana kanuni wanayoitaja kila mara: namba zilingane. Namba ya injini iwe ile iliyotoka nayo kiwandani. Gari lenye injini ya kubadilishwa hupoteza sehemu kubwa ya thamani hata kama injini mpya ina nguvu zaidi. Sasa mnaelewa kwa nini niliinamisha kichwa mbele ya baba mkubwa.

Kwa nini tusiagize Mustang

Wako wasomaji vijana watakaosema: basi tuagize magari hayo, tuyatengeneze Lushoto ambako fundi ni nafuu, tuyauze. Tupige hesabu.

Kwa viwango ambavyo waagizaji wameshavizoea, gari la abiria lenye injini kubwa hulipiwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini inayozidi sisi 2000, ushuru mwingine wa asilimia 30 kwa gari lenye umri wa zaidi ya miaka kumi, kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla. Viwango hivi hubadilika na bajeti ya kila mwaka, hivyo aulizwe TRA kabla ya kutuma hata dola moja. Lakini tuvichukue kama vilivyo. Gari likifika bandarini likiwa na thamani ya dola 100, ushuru wa forodha unalifikisha 125. Ushuru wa bidhaa ni 12.5, wa uchakavu ni 37.5, jumla 175. VAT ni 31.5. Kodi peke yake ni 106.5.

Maana yake, gari la dola 30,000 linadaiwa kodi ya dola 31,950 kabla ya tozo ya reli, gharama za bandari na wakala. Unalinunua mara mbili. Baada ya hapo una gari lenye usukani upande wa kushoto, linalokunywa mafuta kama trekta, katika barabara ya Mombo hadi Lushoto yenye kona zinazomfanya hata utingo wa basi ashike chuma. Mnunuzi wako yuko Marekani, na huko hawana shida ya Mustang. Kenya nako mlango umefungwa, kwani sheria yao hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka minane.

Hesabu hiyohiyo, ukiigeuza, inaonyesha kitu kingine. Ikiwa kuingiza gari la zamani Afrika Mashariki ni ghali namna hii, na kwingine hairuhusiwi, basi magari ya zamani yaliyomo tayari ndani hayawezi kuongezeka kwa urahisi. Kila moja linalokatwa linapunguza hesabu, na hakuna linalokuja kuziba pengo. Mfanyabiashara yeyote wa viazi anajua kinachotokea kwa bidhaa inayopungua bila kuletwa nyingine.

Yetu ni Land Rover

Usambara haikuwa nchi ya Mustang. Misheni, mashamba ya chai, mashamba ya mkonge ya Korogwe, idara za misitu na kilimo, na baadaye wafanyabiashara wa mboga, wote walipanda milima hii kwa Land Rover na malori ya Bedford. Kabla ya lami, gari jingine likifika Mlalo au Mtae wakati wa masika, watu walitoka nje kulishangaa. Series II ilianza mwaka 1958, Series III mwaka 1971 hadi 1985. Mwisho wa ukoo wote huo, gari la mwisho aina ya Defender lilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Hazitengenezwi tena.

Nje ya nchi soko lake lipo. Sheria ya Marekani inaruhusu kuingiza gari lililotimiza miaka 25 bila kulitaka litimize masharti ya usalama ya magari mapya, na hiyo ndiyo iliyofungua mlango kwa Land Rover za zamani huko. Mwaka 2016 kampuni yenyewe ilianza mpango wa kuchukua Series I kuukuu, kuzirudisha katika hali ya kiwandani na kuziuza kwa bei ya gari jipya la kifahari. Hapa kwetu, Oktoba 2024, Arusha ilikusanya mamia ya Land Rover katika tamasha lililovuta watu kutoka nchi za jirani. Aliyekuwa akidhani gari hilo ni la makumbusho aliyaona yakipanga foleni.

Pamoja na hayo, Land Rover nyingi za milimani zina kasoro ileile niliyoisababisha kwa babu. Sababu yake kubwa ni historia. Katika miaka ya mwisho ya 1970 na ile ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu, spea hazikuonekana madukani, na kwa kubana mafuta magari binafsi yalipigwa marufuku barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana. Fundi aliyetaka gari lipande Soni kesho yake alifunga alichokipata: injini ya Isuzu au Toyota, gia boksi ya gari jingine, waya wa nyumba kwenye taa. Bila mafundi hao magari haya yangekufa zamani. Lakini ufundi huohuo ndio ulioondoa uasilia ambao mnunuzi wa leo anautafuta. Hatuna haki ya kuwalaumu. Tuna wajibu wa kuacha kuendeleza kwa mazoea kile walichokifanya kwa dhiki.

Mikono ya fundi

Anayedhani ukubwa wa injini na wa fedha ndio unaoamua, akumbuke mbio za Safari. Zilianza mwaka 1953, na katika miaka ile ya mwanzo njia zake zilivuka kuingia Tanganyika. Milima ya Usambara ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoogopwa. Mwaka 1964 Wamarekani walileta kikosi cha Mercury Comet, magari makubwa yenye injini za V8, na msafara wa mafundi na spea. Ni mawili tu yaliyofika mwisho, tena nyuma kabisa. Mshindi alikuwa Peter Hughes wa Kenya kwa Ford Cortina GT ndogo.

Mwaka uliofuata, 1965, walishinda ndugu wawili wa Kenya, Joginder na Jaswant Singh, kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imekwisha kutumika kabla ya wao kuinunua. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, na alikuja kushinda tena mwaka 1974 na 1976. Gari la mkononi, mikononi mwa mtu anayejua kila nati yake, lilishinda magari mapya ya viwanda.

Tangu mwaka 2003 kuna mbio za magari ya kale zinazofuata nyayo za Safari ile, na mara kadhaa zimevuka mpaka kuingia Tanzania. Wageni husafirisha magari yao kwa meli kuja kukimbia huku. Mwaka 2009 alishinda Mkenya Ian Duncan, safari hii kwa Ford Mustang. Kwa hiyo Mmarekani alishinda hatimaye, lakini aliyemwendesha na kumtunza alikuwa mtu wa huku. Wenye magari hayo hulipa mafundi, hulipa karakana, hulipa hoteli. Fedha ipo kwa anayejua kufungua na kufunga.

Hesabu ya mwekezaji mdogo

Sasa tuje kwa msomaji mwenye akiba yake anayeuliza, "Ninunue moja niifufue niuze?" Mfano ufuatao ni wa kufundishia, si bei ya soko.

Tuseme umenunua Land Rover iliyolala kwa Sh. milioni 7. Chesisi, ambayo ni chuma na hushika kutu, imekula Sh. milioni 3 kwa kukata na kuchomea. Injini na gia boksi Sh. milioni 4.5. Breki, springi na matairi Sh. milioni 3. Kunyoosha bodi na rangi Sh. milioni 2.5. Waya, viti na turubai Sh. milioni 1.5. Jumla ya matengenezo ni Sh. milioni 14.5. Ongeza asilimia 20 kwa yale usiyoyaona mpaka gari lifunguliwe, Sh. milioni 2.9. Ukijumlisha na bei ya kununulia umefika Sh. milioni 24.4.

Kazi imechukua miaka miwili. Fedha hizo zingewekwa kwenye dhamana za Serikali, tuseme kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, na kwa kuwa ulizitoa kidogo kidogo tuchukue nusu ya muda, zingekuletea karibu Sh. milioni 2.9. Hivyo gari lisipouzwa kwa zaidi ya Sh. milioni 27.3, umepata hasara hata kama umepigwa picha nalo. Dhamana hulipa riba mara mbili kwa mwaka. Hisa za kampuni nzuri hutoa gawio. Land Rover iliyosimama haitoi gawio. Inataka bima, betri na kibanda. Tena bei yake inategemea kizazi cha wanunuzi. Wanaolipa fedha nyingi leo ni wale waliolipenda gari wakiwa watoto. Wakiondoka, si lazima wajukuu wao walipende.

Katika mfano huohuo tuseme Sh. milioni 5 ni malipo ya mikono ya fundi. Yeye amezipata, gari liuzwe lisiuzwe. Ndiyo maana nasema faida ya uhakika iko kwake. Kijana wa Lushoto mwenye mtaji mdogo asinunue gari. Anunue mashine ya kuchomea, ajifunze kazi ya alumini, ambayo haichomewi kama chuma, na ajizoeze jambo moja ambalo karakana zetu nyingi hazina: kumbukumbu. Apige picha kila hatua, aandike kilichobadilishwa, ahifadhi kilichotolewa. Mteja wa Arusha, Nairobi au Muscat atalipa zaidi kwa daftari hilo kuliko kwa kopo la rangi. VETA wangefanya vema kuliingiza somo hili katika mafunzo yao ya ufundi wa magari.

Njia nyingine ni kulitumia gari. Wageni wanaopanda kwenda Irente, Magamba na Mtae hawaji kupanda Noah; hiyo wanayo kwao. Land Rover iliyotengenezwa vizuri, yenye leseni ya biashara ya utalii, mikanda ya usalama, breki za kuaminika na bima ya abiria, ni bidhaa. Nasisitiza breki. Anayeteremsha watu kutoka Lushoto hadi Mombo kwa gari la kale lenye breki za kubahatisha hafanyi biashara, anacheza na roho za watu.

Hoja za upande wa pili

Wapo watakaosema magari haya ni kumbukumbu za wakoloni na hatuna sababu ya kuyalilia. Naielewa hoja hiyo, lakini ya babu yangu ilibeba kabichi zetu na wagonjwa wetu kwa miaka mingi kuliko ilivyombeba mzungu yeyote. Wengine watasema ada ya shule haingojei soko la Marekani, na skrepa inalipa leo. Hoja hii ni nzito zaidi, na mimi wa mwisho kuibeza, kwa kuwa ada yangu ililipwa hivyo. Sisemi usiuze. Nasema usiuze kwa mizani kitu ambacho kingeweza kuuzwa kwa karatasi. Kama lazima uuze, muuzie mwenye karakana au mpenzi wa magari, gari likiwa zima, hata kama haliwaki.

Kabla ya kumwita mnunuzi, fanya haya. Tafuta kadi ya gari, na kama iko kwa jina la marehemu, anza taratibu za mirathi sasa, maana gari lisilo na mwenyewe kisheria haliuziki kwa bei ya maana. Futa matope usome namba ya chesisi. Katika Land Rover nyingi za zamani imegongwa kwenye fremu mbele upande wa kulia, karibu na springi. Soma namba ya injini kwenye bloku. Linganisha zote na kadi. Nyaraka za kiwanda zipo Uingereza, na kwa ada mwenye gari huweza kupewa hati inayoonyesha lilitengenezwa lini, lilikuwa na rangi gani na lilipelekwa nchi gani. Kama injini ya asili ilishatolewa na bado iko stoo, hata ikiwa imeshika, iweke juu ya mbao na uifunike. Usitupe. Kama gari lilikaa Tanga mjini, angalia chesisi mara mbili, kwani hewa ya chumvi ya pwani haisamehi chuma. Lililokaa milimani lina nafuu, ingawa ukungu wetu nao hutafuna lisiloezekwa.

Kikao chetu kiliisha jioni. Baba mkubwa aliamua gari lisikatwe, liezekwe kibanda cha mabati, na kadi ihifadhiwe kwenye sanduku la hati za shamba. Namba ya chesisi tuliisoma. Inalingana na kadi. Ya injini hailingani na haitalingana kamwe. Fundi mmoja wa Soni aliyekuja kuliangalia alisema kwamba kwa hali hiyo mnunuzi yeyote anayejua kazi ataanza mazungumzo kwa kupunguza. Aliniuliza injini ilikwenda wapi. Nilimwambia iliuzwa kwa kilo.

Mnunuzi wa skrepa alirudi Januari. Aliambiwa hatuuzi, akakunja mizani yake, akauliza kama kuna jirani mwenye Land Rover. Yupo, na ndiyo sababu nimeandika makala hii haraka.